Farasi Aliyevikwa Ngozi

Asubuhi ile Lauge Madsen alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya ghala la Stenløkke, akimalizia mguu wa korongo. Sehemu nyingine zote za picha zilikuwa tayari: mashamba ya shayiri yakiteremka hadi ziwani, kanisa jeupe, jumba la bwana na madirisha yake mengi, barabara yenye mialoni, ua wa nyuma na kisima chake. Korongo mwenyewe alikuwa ameshahamia nchi za joto, lakini Bwana Brockdal alitaka korongo wake awepo juu ya paa, kwa hiyo Lauge alimchora kwa kumkumbuka, mguu mmoja chini na mwingine umekunjwa.

Upande wa kushoto, karibu na kisima, alikuwa amechora pia kigogo cha adhabu. Hakuwa na nia mbaya wala nzuri. Kilikuwepo, akakichora. Kilikuwa ubao mnene uliochongwa kwa juu ukawa na makali kama mgongo wa paa la nyumba, umesimamishwa kwenye miguu minne iliyonyooka. Zamani za babu zao seremala mmoja mwenye mzaha alikipachika kichwa na mkia, ndiyo maana kiliitwa farasi wa mbao. Mkulima aliyechelewa kazi ya bwana alikalishwa hapo juu, akafungwa mawe miguuni, akabaki mpaka nyapara akumbuke kumteremsha. Mashamba makubwa mengi ya Denmark wakati ule yalikuwa na farasi wa namna hiyo, na watu walipita kando yake wakienda kuteka maji.

Lauge alizaliwa palepale Stenløkke, na kwa sheria ya siku zile mwanamume aliyezaliwa shambani hakuruhusiwa kuondoka bila bwana kumwachia. Bwana Brockdal aliona mapema kwamba kijana yule ana mkono. Akampeleka Kopenhagen kujifunza uchoraji, akamrudisha achore shamba, na akamwahidi kwamba picha ikipendeza atamfungulia njia aende Roma, mtu huru. Kaka yake Terkel hakuwa na mkono wa aina hiyo. Wa Terkel ulikuwa wa jembe, na jembe halimpeleki mtu Roma.

Terkel alipita akiwa na gunia begani. Alitembea miguu imeachana, kama mtu anayevuka mfereji usiokwisha, na viatu vyake vya mbao viligonga mawe kwa zamu isiyolingana.

"Sogea nione," alisema, akatua gunia. Alitazama kwa muda. "Hee. Umekichora na kigogo changu."

"Nimechora kilichopo, kaka."

"Umekitendea haki. Upande huu hapa una ufa, na ufa umeuweka." Akakuna kidevu. "Ila mimi hujanichora."

"Siku nilipochora hapo hukuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikuwa juu yake. Ukasema unangoja nishushwe ili mwanga ukae sawa."

Lauge akajishughulisha na mguu wa korongo. Terkel hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekumbusha mahali lilipowekwa koleo. Akainua gunia lake, akaenda zake kuchelewa kazini.

Picha ilipelekwa jumbani ikiwa bado mbichi, ikaegemezwa ukutani katika chumba kinachotazama bustani. Bibi Ulrikke, mke wa Bwana Brockdal, aliitazama akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Kila kitu kizuri, Lauge," alisema. "Hata ng'ombe wanaonekana wameoga. Ila kile."

Bwana Brockdal alisogeza uso karibu na turubai. Alikuwa mtu mpole, asiyeinua sauti, mwenye kupenda mbwa na hali ya hewa. "Kipo, mke wangu. Hakukizua."

"Simlaumu. Lakini nitakuwa nikinywa kahawa mbele yake kila asubuhi."

"Basi kifute," Bwana akamwambia Lauge. "Weka nyasi tu."

Hapo Lauge angeweza kusema ndiyo, Bwana, akaweka nyasi, na hadithi ingeishia hapo. Lakini alikuwa ametoka Kopenhagen na elimu yake bado inamwasha. "Nikiweka nyasi tupu, Bwana, upande wa kushoto utakuwa mwepesi. Picha nzima italalia jumba." Wote wakatazama kushoto. "Umbo la farasi lipo tayari," akaongeza. "Naweza kulivika ngozi."

Hakuna aliyemwomba wazo hilo. Jambo hilo ndilo lililomkalia Lauge rohoni baadaye kuliko mengine yote: kwamba walitaka kufuta tu, na yeye ndiye aliyeleta ngozi.

Aliifanya kazi hiyo alasiri ileile. Alichanganya rangi nyeupe na masizi kidogo ya taa, akapata kijivu cha farasi wa heshima, akampaka tumbo na mapaja, akampa singa shingoni na jicho moja, akakiinamisha kichwa majanini. Mgongo aliuacha ulivyo. Ule mstari ulikuwa mzuri, uliikata anga kwa unyoofu, na mchoraji mwenye akili haharibu mstari mzuri. Kwato ni kazi ya kuchosha, hivyo akazifunika kwa nyasi ndefu. Kivuli cha chini hakukigusa kabisa, kwa sababu kengele ya chakula iligongwa, na palikuwa na nyama ya nguruwe na kabichi.

Asubuhi iliyofuata msichana wa maziwa alikwenda kisimani akakuta kigogo kimeota ngozi ya kijivu na kinang'oa majani. Akateka maji yake, akarudi jikoni, akawaambia wenzake kwamba kuna mdomo mwingine wa kulisha. Mtunza farasi alitoka akamzunguka, akanung'unika kwamba nyasi za majira ya baridi zilishapimwa na hakuna aliyemwambia kuna ongezeko. Farasi alinuka mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi. Kwa siku kadhaa nzi waliomtua ubavuni walinasa, na watu wakaonyana wasimwegemee mpaka akauke.

Knud Brask, nyapara, alikuja na bakuli lake la uji mkononi. Alipitisha kidole gumba juu ya mgongo wa farasi kutoka shingoni hadi mkiani, kama anavyojaribu makali ya kisu.

"Bado unakata," alisema, akaendelea na uji wake.

Kitu kimoja tu kilibadilika haraka, nacho ni maneno. Mpaka siku ile watu wa Stenløkke walikuwa wakisema kile. Kile kimemla fulani, kile kimelowa. Kufikia Jumapili wote walikuwa wakisema yule. Yule hakulala, yule ana njaa. Mtu aliyepandishwa juu ya kile aliteswa. Aliyepandishwa juu ya yule alikuwa amepanda farasi, na hata walioteremshwa wakichechemea walijikuta wakisema hivyo hivyo. Ulimi hufuata ngozi. Farasi mwenyewe hakwenda popote. Alipumua, alikula, alipepesa lile jicho lake, lakini hakuwa na kwato, na nyasi ndefu zilizomzunguka zilibaki za kijani cha Septemba hata baada ya baridi kuunguza nyasi nyingine zote. Jua likitoka, kivuli chake kilikuwa cha ubao na miguu minne iliyonyooka.

Bodil, mke wa Terkel, ndiye pekee ambaye siku ile ya kwanza hakumtazama farasi. Alimtazama Lauge.

Terkel alipandishwa kabla mwezi haujaisha. Kosa lake lilikuwa lilelile: kazi ya bwana huanza alfajiri, na yeye mguu haumpeleki. Aliyelemazwa na farasi huchelewa, na anayechelewa hupandishwa farasi; kinu hicho kilijisaga chenyewe, Brask hakuwa na haja ya kumchukia mtu. Lauge alikwenda kumwona kaka yake jioni ile. Alimkuta amelala kifudifudi kitandani, Bodil akimweka vitambaa vya maji ya moto.

"Vipi, kaka?"

"Ngozi ni nzuri, sina neno. Laini." Terkel alizungumza huku uso umezama kwenye mto. "Mgongo ndio uleule. Ungeuzungusha kidogo, mdogo wangu. Hata unene wa kidole."

"Picha imeshatundikwa, kaka. Mstari ule ukiguswa sasa utachafuka."

"Ah. Basi usiuguse."

Bodil akakamua kitambaa mpaka kikakauka kabisa, akakilowesha tena. Lauge alikunywa bia aliyokaribishwa kwa sababu kukataa kungeonekana vibaya.

Novemba ilipoingia, mchungaji alisoma kanisani tangazo kutoka Kopenhagen. Lilikuwa refu na lenye vyeo vingi, lakini ndani yake kulikuwa na jambo moja ambalo hata waliosinzia walilisikia: farasi wa mbao amepigwa marufuku katika mashamba yote, na afisa atazunguka kuhakikisha kila mmoja amevunjwa na kuchomwa moto. Baadaye wakaimba wimbo wa kawaida wa Jumapili, labda kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida.

Nje, kwenye ukuta wa makaburi, Bodil alimshika Lauge mkono wa koti.

"Shemeji, umesikia."

"Nimesikia."

"Basi mvue."

"Nimvue nani?"

"Usijifanye mgeni hapa. Mvue ile ngozi uliyomvika. Afisa akija akute ubao, auvunje, tukokee moto wa Krismasi."

Lauge alijua inawezekana. Rangi ya juu ilikuwa nyembamba na bado changa. Kisu kidogo, kitambaa, tapentaini, na ubao ungejitokeza. Alijua pia nani ana ufunguo wa njia ya Roma. "Si kazi rahisi hivyo, shemeji," alisema.

"Kumvika ilikuchukua alasiri moja."

"Kuvika ni kuvika. Lakini sikiliza. Kivuli kipo. Kivuli sikukigusa. Afisa ni mtu wa macho, amesoma, atakiona. Kivuli kitasema chenyewe, wala hapatakuwa na haja ya mtu yeyote kusema."

Bodil alimwachia koti. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Wewe unaficha maradhi ya mwenzako, Lauge. Hayo hayakuumbui. Una bahati."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake bila shemeji.

Neno lile lilimtesa. Lauge hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimzidishia taabu, maana mtu mbaya angelala. Siku ya tatu alitia kisu na kitambaa mfukoni, akaingia chumba cha bustani wakati Bibi Ulrikke ametoka kutembelea majirani. Picha ilikuwa imetundikwa katikati ya madirisha. Nje ya dirisha la kushoto palikuwa na ua wenyewe, kwa hiyo aliweza kuona farasi wawili kwa pamoja, mmoja kwenye turubai na mwingine kisimani, wote wameinamisha vichwa. Alilowesha kitambaa. Aliinua kisu hadi kwenye paja la farasi.

Mlango ukafunguliwa, Bwana Brockdal akaingia na mbwa wake.

"Aa, mwanangu," alisema. "Na mimi huja kuitazama. Kila siku naona kitu kipya." Alisimama kando yake, harufu ya tumbaku na mbwa aliyelowa. "Nimeshaongea na watu wa Kopenhagen. Kuna nafasi kwenye meli baada ya mwaka mpya. Acha afisa apite, mambo yatulie, halafu nakuachia uende zako. Unajua wanasema Roma mwanga wake hauna mfano."

Hakumtisha. Lauge baadaye alitamani angetishwa. Bwana hakukitazama hata kile kisu.

"Unarekebisha kitu?"

"Kuna tone la nta kwenye fremu, Bwana."

Kweli kulikuwa na tone la nta kwenye fremu. Lauge akalikwangua mpaka likaisha, akafuta mahali pake kwa kitambaa, akang'arisha na pembe nyingine tatu ambazo hazikuwa na kitu. Akatoka akijiambia: kivuli kipo.

Afisa alifika Desemba, siku ya mawingu mazito yaliyoshuka hadi kwenye mnara wa kanisa. Aliitwa Lassenius, mwembamba, mwenye mafua, na gari lake la kukokotwa lilikuwa limebeba vipande vya farasi wa mbao wa mashamba mengine, ambavyo alivitumia njiani kuwasha moto kwenye nyumba za wageni. Wakulima wa Stenløkke walisimama uani, kofia mikononi.

"Farasi wa mbao yuko wapi?" aliuliza.

"Hatuna, bwana," akasema Brask. "Farasi tulionao wako zizini, na huyu."

Lassenius alimkaribia. Alivua glovu, akamshika shingo. Farasi alimpulizia pumzi ya joto kiganjani, akaendelea kula. Afisa akaupapasa mgongo, akaguna, akatazama kidole chake aone kama kimekatwa.

"Mgongo umekonda."

"Ndivyo alivyozaliwa," akasema Brask. "Tunamlisha, hanenepi."

"Ni yule yule," Bodil akasema kutoka nyuma. Wanawake waliokuwa karibu naye wakainamisha vichwa, lakini yeye akaja mbele. "Ndiye huyo, bwana, unayemtafuta. Amevikwa tu. Mtazame kivuli."

Lassenius akatazama chini. Kulikuwa na nyasi za kijani na weupe wa mawingu.

"Sioni kivuli, mama."

"Ngoja jua."

"Mama yangu, Desemba hii nitangoja jua hadi lini?" Alisema bila kejeli, akapiga chafya. "Amri niliyopewa inasema wa mbao. Huyu anapumua. Nikimchoma moto farasi anayepumua, nitaulizwa mimi." Akageuka. "Nimeambiwa kuna mchoraji hapa, mtu aliyesoma. Yupo?"

Lauge alisogea. Terkel alikuwa amesimama kando ya kisima, uzito wote kwenye mguu wa kulia, akimtazama kwa utulivu kama mtu anayengoja uji upoe.

"Wewe ulikuwa ukikaa hapa na kuangalia kila kitu," akasema Lassenius. "Ulipokuja kuchora, ulikuta nini karibu na kisima?"

Jibu lilikuwa neno moja, na fupi. Lauge alilihisi ulimini, kavu kama vumbi la mbao. Bwana Brockdal alikuwa kwenye ngazi, akimkuna mbwa masikio.

"Mimi nilichora nilichokiona, bwana," akasema Lauge. "Picha iko ndani. Tafadhali uitazame mwenyewe."

Alisema hivyo, na moyo wake ukapata nafuu kidogo, kwa sababu ndani ya picha jua lilikuwa linawaka.

Waliingia chumba cha bustani. Bibi Ulrikke aliagiza kahawa na keki za Krismasi. Lassenius alisimama mbele ya picha, mikono nyuma, na uso wake ukabadilika; kumbe mtu huyu wa mafua alipenda picha kwa dhati. Aliusifu mwanga ziwani. Aliwasifu ng'ombe. Alimsifu korongo, akisema mtu angeapa amesimama pale kweli. Kisha akafika kushoto, akamtazama farasi wa kijivu, akainama, akatoa miwani.

Lauge alishika ukingo wa meza. Nje ya dirisha Bodil alikuwa amesimama kwenye theluji nyembamba, mikono ndani ya aproni, akitazama ndani.

"Hapa," akasema afisa polepole, "kuna jambo haliko sawa."

Kikombe cha Bibi Ulrikke kilibaki hewani.

"Kivuli hiki," akasema Lassenius. "Si cha farasi. Tazama: miguu imenyooka kama fito, tumbo hakuna. Hiki ni kivuli cha benchi." Akavua miwani, akatabasamu kwa upole wa mwalimu. "Kijana, una kipaji. Usiache kosa dogo namna hii likakuharibia kazi nzuri. Litakutia aibu ikionwa na watu wanaojua."

"Kweli kabisa," akasema Bwana Brockdal. "Sisi hatukuliona hata kidogo."

"Rangi unazo? Rekebisha sasa hivi, nami nione namna unavyofanya. Nilikuwa na hamu ya kujifunza nilipokuwa kijana, baba akanikatalia."

Alipewa kiti, akakaa na keki yake. Lauge alileta ubao wake wa rangi. Alichanganya kahawia na kijani na tone la buluu, kama vivuli vya Septemba vinavyotaka, na mkono wake ukafuata mazoea yake; mkono wa fundi hauna dini. Alilijaza tumbo. Aliipinda miguu kidogo, akailainisha pembeni kwa kidole. Ilikuwa kazi ya muda wa kunywa kahawa, na ilikuwa nzuri, na kwa sababu ilikuwa nzuri alisikia furaha ndogo ikimpitia kifuani, ya mtu aliyepatia. Kwa furaha hiyo hakuwahi kujisamehe. Alipoinua macho, dirishani hapakuwa na mtu.

Lassenius aliandika kwamba Stenløkke hakuna farasi wa mbao, akashukuru kwa keki, akaondoka. Keshoye mawingu yalifunguka kidogo, na kivuli cha farasi kikalala juu ya nyasi, mviringo na mnene, kivuli cha farasi kama farasi wengine.

Mkesha wa Krismasi huko kwao mnyama hali chakula cha kila siku. Kabla watu hawajakaa mezani, ng'ombe hupewa shayiri bora, mbwa hupewa nyama, na ndege hufungiwa mganda juu ya mti, kwa kuwa usiku ule hakuna kiumbe anayestahili kulala na njaa. Lauge alifika kwa Terkel mapema jioni kuagana. Alimkuta nje, akifunga mganda wa shayiri kwa kamba.

"Nisaidie kubeba," akasema Terkel. "Wa kwetu wamekwisha kula. Huu ni wa yule."

"Yule yupi?"

"Wako yupi mwingine? Mtunza farasi hampi kitu sikukuu, anasema hayumo kwenye hesabu yake. Mnyama ni mnyama."

Walivuka uwanja pamoja, Lauge na mganda, Terkel na miguu yake. Farasi aliinua kichwa alipowasikia. Terkel alimfungulia mganda majanini, akampigapiga shingo, na farasi akala kwa sauti, akipuliza makapi.

"Asante ya punda mateke," akasema Terkel. "Huyu hata kwato za kupigia hana." Akacheka peke yake.

"Kaka," akasema Lauge. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima: kwamba angeweza, kwamba kisu kilikuwa mkononi, kwamba neno lilikuwa fupi. "Kaka, mimi..."

"Ujue ana joto," Terkel alisema, mkono bado shingoni mwa farasi. "Hilo sikukwambia. Ule ubao ulikuwa wa baridi, Lauge. Januari ulikuwa ukinipanda mpaka kwenye meno. Sasa nikikaa, angalau kuna joto chini." Alimtazama mdogo wake kwa macho ya shukrani kabisa, yasiyo na mzaha. "Nakushukuru kwa hilo. Bodil ana maneno yake, lakini mimi nakushukuru."

Lauge angepokea kofi kwa furaha. Alisema, "Karibu, kaka," kwa kuwa ndivyo anavyojibiwa mtu aliyeshukuru, wakarudi ndani kula uji wa mchele na bata. Bodil alimpakulia sahani iliyojaa, kama anavyopakuliwa mgeni.

Aliondoka baada ya mwaka mpya, mtu huru. Gari la farasi la abiria lilipita barabara ya mialoni asubuhi, theluji imetanda mashamba yote hadi ziwani, na Lauge alikaa dirishani na sanduku lake la rangi magotini. Mbele yake alikaa mfanyabiashara wa pamba kutoka Kopenhagen na mkewe, watu wachangamfu. Kufika usawa wa ghala, mke akafuta ukungu kwenye kioo.

"Tazama, mume wangu. Mkulima juu ya farasi mzuri vile."

Alikuwa Terkel. Alikuwa amekaa wima juu ya farasi wa kijivu, mikono juu ya singa, na alipolitambua gari akavua kofia yake, akaipunga juu.

"Kwenu mkulima anapanda farasi wa bwana wake?" mfanyabiashara akamuuliza Lauge. "Kumbe yote yanayosemwa kuhusu mashamba haya ni uzushi."

"Anapanda," akasema Lauge. "Tangu zamani."

Mke wa mfanyabiashara akapunga mkono. Mawe yaliyofungwa miguuni mwa Terkel hayakuonekana kutoka barabarani. Nyasi mahali pale zilikuwa ndefu na za kijani katikati ya theluji yote ile, kama Lauge alivyozichora.